Mchezo wa wawili wawili usitupite visiwani

Kuna habari zinazoingia magazetini kwa mlango wa uani na kutoka kwa mlango huo huo, mwenye nyumba asijue kuwa alipata mgeni. Mwezi wa Aprili mwaka 2025, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliidhinisha orodha ya mashindano yatakayofanyika mjini Los Angeles mwaka 2028, na katika orodha hiyo umerudishwa mpira wa meza wa wanaume wawili wawili, pamoja na ule wa wanawake wawili wawili. Kwa mpenzi wa kandanda hilo ni jambo dogo. Mimi nashikilia kuwa ni jambo kubwa, na kuwa wanaopaswa kulipokea kwanza si makocha wa mijini bali ni walimu wa shule ndogo za visiwani, wakiwamo wa Manda, kisiwa ambacho wasomaji wengi wa bara wanakijua kwa sababu moja tu: ndiko kuliko na kiwanja cha ndege wanakoshukia wageni waendao Lamu, kabla ya kupanda mashua na kukipa kisogo.

Tukumbushane historia kwa ufupi. Mpira wa meza uliingia katika Olimpiki mwaka 1988 mjini Seoul, na mashindano ya wawili wawili yalikuwamo tangu siku hiyo. Chen Longcan na Wei Qingguang wa Uchina waliwashinda Ilija Lupulesku na Zoran Primorac wa Yugoslavia, nchi ambayo leo hutajwa katika vitabu vya historia tu. Mjini Barcelona mwaka 1992 walishinda Lu Lin na Wang Tao. Miaka minne baadaye, mjini Atlanta, hao hao wakang'olewa katika fainali na Kong Linghui na Liu Guoliang, ambao nao walingojwa Sydney mwaka 2000 na Wang Liqin na Yan Sen. Mwisho wakaja Chen Qi na Ma Lin, Athens, 2004. Dhahabu tano, zote za taifa moja. Ilipofika Beijing mwaka 2008, mashindano hayo yalifutwa na mahali pake pakawekwa mashindano ya timu. Ni kweli kwamba ndani ya pambano la timu ilibaki mechi ya wawili wawili, lakini jozi haikuwa tena na medali yake yenyewe. Mjini Tokyo, katika michezo ya 2020 iliyofanyika 2021, ikaongezwa jozi ya mwanamume na mwanamke, na Jun Mizutani na Mima Ito wa Japani wakawatoa Wachina jasho na dhahabu. Wanaume wawili wawili, hata hivyo, wamekaa nje tangu Athens. Hadi Los Angeles itakuwa imetimia miaka 24.

Si kwamba waliikosa kila mahali. Michezo ya Jumuiya ya Madola iliukaribisha mpira wa meza mwaka 2002 mjini Manchester, na wanaume wawili wawili wakawa na dhahabu yao, iliyochukuliwa na Andrew Baggaley na Gareth Herbert wa Uingereza. Kinyume chake ni kwamba katika michezo hiyo ya Glasgow ya mwaka 2026, iliyopunguzwa hadi michezo kumi, mpira wa meza umeachwa nje. Mlango mmoja unafunguliwa, mwingine unafungwa, na sisi tunaohusika na mashindano yote mawili hatujasema neno.

Kwa nini niwe na shauku na mchezo wa wawili kuliko wa mmoja? Jibu limo katika sheria yake, nami nitaomba uvumilivu wa wasomaji nikiieleza, kwa sababu wengi huichanganya na ya tenisi ya uwanjani. Katika tenisi ya uwanjani mpira ukishaanzishwa na kurudishwa, yeyote kati ya wawili aweza kuupiga. Hodari akitaka kukimbia huku na huku na kumfanya mwenzake pambo, sheria haimkatazi. Katika mpira wa meza hilo haliwezekani. Anayeanzisha huupeleka mpira kutoka nusu yake ya kulia hadi nusu ya kulia ya wapinzani, kimshazari. Mmoja wa wapinzani anaurudisha. Pigo la tatu si la aliyeanzisha bali la mwenzake. La nne ni la mwenzake yule aliyerudisha. Ndipo duru huanza upya, na haivunjwi mpaka pointi ipatikane. Akipiga mmoja mara mbili mfululizo, liwe pigo la ajabu namna gani, pointi imekwenda upande wa pili.

Tazama yanayotokana na sheria hiyo. Meza ina urefu wa mita 2.74 na upana wa mita 1.525, kwa hiyo watu wawili hawawezi kusimama mbele yake wakipiga bila kugongana mabega. Kila apigaye sharti aondoke papo hapo, tena aondoke kwa upande ambao hautamziba macho mwenzake. Hodari hawezi kumnyang'anya dhaifu zamu yake. Kinachomfaa ni kupiga mpira kwa namna itakayomrahisishia mwenzake pigo lijalo, yaani kufikiri mapigo mawili mbele, moja ambalo si lake. Na waandishi wa sheria hawakuridhika na hayo: katika seti ya mwisho, jozi moja ikifika pointi 5, pande hubadilishwa na jozi inayopokea hubadili mpango wake, hata yule uliyekuwa umeshamzoea anakuondokea na mwingine anakujia.

Liko jambo jingine ambalo kila mwalimu wa pwani angefaa kulijua. Wang Tao, mshindi wa 1992, alikuwa mtu wa mashoto. Chen Qi wa 2004 vilevile. Wote wawili waliungana na wenzao wa mkono wa kulia, na siri ni hiyo hiyo ya kupishana: wa kushoto na wa kulia husimama pande tofauti kwa tabia ya miili yao, hivyo hawazibani. Katika nyumba zetu na madarasa yetu mtoto wa mashoto amekuwa akipigwa vidole, akiambiwa mkono huo si wa adabu. Sizungumzii adabu ya kula wala ya kutoa salamu, hiyo ina mahali pake na siigusi. Nasema tu kwamba upo mchezo ambao kocha mwenye akili humtafuta mtoto huyo kwa taa.

Hapa ndipo mtu wa isimu anaposhindwa kunyamaza. Lugha yetu ina kauli ya kutendana, ile yenye kiambishi cha -an-, ambayo tunaifundisha kidato baada ya kidato kwa mifano ya pigana na pendana, na kuishia hapo. Katika meza ya watu wanne kauli hiyo ina kazi mbili zisizofanana. Baina ya jozi na jozi, watu wanashindana na kujibizana. Baina ya mtu na mwenzake, wanapokezana na kungojeana. Kitenzi kinachonipendeza zaidi ni kupishana. Ukisema magari mawili yamepishana, maana yake kila moja limelipa jingine nafasi likapita salama. Ukisema nilikwenda kwake tukapishana njiani, maana yake tulikosana. Tendo moja lina baraka na hasara ndani yake, na wanaocheza wawili wawili wanaijua tofauti ya maana hizo mbili kwa mwili kabla ya kuijua kwa kamusi. Mwana wa Amu aliyekulia katika vichochoro ambamo mtu na punda mwenye mzigo hawaenei bila mmoja kujibanza ukutani hahitaji mhadhara juu ya jambo hilo.

Mwaka 1974 wataalamu watatu, Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson, walichapisha makala ambayo wanafunzi wangu huisoma kila mwaka, juu ya namna watu wanavyogawana zamu katika mazungumzo. Walionyesha kwamba mazungumzo ya kawaida, ambayo twayaona hayana mpango, yana utaratibu mkali: kwa kawaida husema mmoja kwa wakati, na pengo kati ya zamu na zamu ni dogo mno, kwa sababu msikilizaji hutabiri mwisho wa kauli ya mwenzake akajiandaa. Nimewahi kujaribu kuieleza nadharia hiyo kwa ubao na chaki kwa saa mbili, wanafunzi wakapiga miayo. Siku moja nikawaonyesha filamu ya fainali ya wawili wawili. Hawakupiga miayo, na maswali waliyouliza baadaye ndiyo yaliyonifanya nianze kufikiri juu ya makala hii.

Sasa nije Manda. Kisiwa hiki kina historia kubwa kuliko idadi ya watu wake. Magofu ya mji wa kale wa Manda, yaliyochimbuliwa na Neville Chittick kuanzia miaka ya 1960, yanarudi nyuma hadi karne ya 9. Upande mwingine yako magofu ya Takwa, yenye msikiti na kaburi la nguzo, ambako watu wa Shela huenda mpaka leo kuzuru na kuomba mvua. Takwa ilihamwa yapata karne ya 17 ikiisha, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni maji ya visima kuwa ya chumvi. Mwaka 2013 Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya, pamoja na Sloan Williams, walitangaza kuwa wamepata Manda sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, wa mwanzoni mwa karne ya 15, yenye tundu la mraba katikati. Magazeti yakashangilia kwamba Wachina walifika. Pengine walifika, lakini sarafu ni kama neno la mkopo. Neno chai lina asili ya Uchina, na hakuna Mchina aliyetufundisha kulitamka. Lilipita kwa Waajemi na Wahindi na mikono mingine mingi. Vitu husafiri kwa kupokezanwa.

Watu wa leo wa Manda nao wamepokezanwa na bahari. Katika kijiji cha Maweni wanaishi wachonga mawe waliotoka Nyanza, Kilifi na pembe nyingine za nchi, na mawe ya kisiwa hicho ndiyo yaliyojenga nyumba nyingi za Amu. Nilikwenda huko kukusanya msamiati wa kazi ya mawe, ambao ni mchanganyiko wa kupendeza wa lugha nne au tano. Jioni moja niliwakuta watoto wanne wakicheza. Meza yao ilikuwa ubao wa mlango uliolazwa juu ya matofali ya mawe, wavu ulikuwa kamba, na badala ya raketi walishika kandambili. Ubao ulikuwa mwembamba hata wakajitungia kanuni yao: akishapiga mmoja huruka pembeni na kusema "pisha!" kwa sauti, akijiamuru mwenyewe, na mwenzake huingia. Hakuna aliyewaeleza sheria za shirikisho la dunia, lililoundwa mwaka 1926. Wembamba wa ubao uliwafikisha kwenye kanuni ile ile. Watoto hao nyumbani husema lugha tofauti. Mezani walisema Kiswahili, tena Kiswahili chenye ladha ya Amu.

Mtaala wa umilisi umeipa michezo heshima ambayo haikuwa nayo tulipokuwa tukisoma, hata ikawa na mkondo wake katika sekondari ya juu. Hilo ni jambo jema, lakini mkondo hauwi mkondo kwa kuandikwa kwenye karatasi. Shule yenye uwanja mpana, bwawa na walimu wa mazoezi itauchukua. Shule iliyobanwa kati ya mikoko na mwamba, yenye wanafunzi wasiotosha timu mbili za kandanda, itabaki kuusoma. Mchezo wa wawili wawili unahitaji watoto wanne kwa kila meza. Hauhitaji majani wala nyasi za kupandwa. Hauchagui mrefu wala mwenye nguvu, na wasichana huucheza bila kuvuliwa sitara yao, jambo ambalo wazazi wa visiwani wataliuliza kwanza kabla ya jingine lolote.

Meza ya dukani ni ghali, wala sitaki kuwadanganya walimu. Lakini katika bustani za Beijing na za Berlin watu huchezea meza za mawe na za zege zilizokitwa ardhini, zinazostahimili mvua na jua. Kisiwa kinachouza mawe kwa kila mtu hakiwezi kukosa mawe ya meza yake. Mafundi wako, mchanga uko, na vipimo nimevitaja hapo juu. Kimo cha meza ni sentimita 76 na cha wavu sentimita 15.25. Adui mkubwa ni upepo. Mpira wa mchezo huu una uzito wa gramu 2.7, na kusi ikivuma hautatua upande wa pili wa meza bali upande wa pili wa mkondo wa bahari. Dawa yake wazee walishaijua. Nyumba ya kale ya Lamu ilikuwa na uwanja wa ndani uliozungushiwa kuta, ukiitwa kiwanda, kabla neno hilo halijatekwa na mashine na moshi. Kuta tatu za mawe zinazopita kimo cha mtu zatosha kutuliza upepo, na paa la makuti likipatikana ni ziada.

Nilipomweleza hayo mwalimu mmoja wa visiwani, mtu ninayemheshimu, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Daktari, sisi maji hatuna, nawe watuletea meza."

Neno hilo ni zito, nami sikuwa na jibu la kulifuta. Shida ya maji ndiyo inayotajwa kuwa iliihamisha Takwa, na mtoto aliyeamka alfajiri kutafuta ndoo moja ya maji hana nguvu ya kurukaruka mezani jioni. Anayeweza kuchagua kati ya kisima na meza na achague kisima. Ila nimeona mara nyingi kwamba hoja ya shida kubwa hutumiwa kuzuia jambo dogo, na shida kubwa yenyewe ikabaki pale pale, bila kisima na bila meza. Mawe yaliyochongwa na wazazi wenyewe wa Maweni hayatoki katika fungu la maji. Isitoshe, watoto wale wanacheza tayari. Linalobishaniwa ni iwapo watachezea mlango uliong'oka au kitu ambacho shule imekikubali kuwa chake.

Wengine hupinga kwa njia nyingine. Husema dhahabu zote tano zilikwenda Uchina, basi mtoto wa Manda atapata nini? Kwanza sikuahidi dhahabu; mimi nazungumzia mashindano ya shule na shule, Manda na Shela, Siyu na Faza, ambayo nauli yake ni ya mashua. Pili, anayedhani kwamba mchezo una wenyewe wa milele hakusoma historia yake. Ulizaliwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, burudani ya watu waliokwisha kula chakula cha jioni. Mashindano ya kwanza ya dunia, London mwaka 1926, yalitawaliwa na Wahungaria. Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa dunia, Rong Guotuan, alipatikana mwaka 1959, miaka 33 baadaye. Na karibu na kwetu, Segun Toriola wa Nigeria alishiriki Olimpiki saba, kuanzia 1992 hadi 2016, na katika hiyo ya mwisho Quadri Aruna, Mnigeria mwenzake, alifika robo fainali ya mchezaji mmoja mmoja. Kenya ina vipaji, ila inavitafuta mahali pale pale inapovitafuta kila mwaka, milimani na penye barabara.

Limebaki deni la lugha, ambalo ni langu na wenzangu wa taaluma hii. Mchezo huu haujapata istilahi zilizotulia. Wengine huuita mpira wa meza, wengine tenisi ya mezani, na vijana pingipongi. Hapo hapana ugomvi mkubwa. Tatizo ni yule mtu wa upande wako. Watangazaji humwita mwenza, nami nimelitumia neno hilo kwa kusitasita, maana katika nyumba zetu mwenza ni mke wa pili, na wenza si watu wanaosifika kwa kupishana kwa amani. Jozi hutaja wote wawili pamoja, haimtaji mmoja. Kiamu kina neno mwendani, rafiki wa karibu wa kwenda naye njia moja, ambalo Kiswahili sanifu hulitamka mwandani. Nalipenda, ingawa nahofia kwamba ni la kishairi mno kwa mtu anayehema akifuta jasho. Watoto wa Maweni walikuwa na neno lao, lakini kila mmoja alinitajia tofauti na mwenzake nilipowauliza, kisha wakacheka. Walimu wa Faza, Siyu, Kizingitini, Shela na Manda yenyewe, na wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, niandikieni kupitia kwa mhariri: huyo anayesubiri zamu yake nyuma ya bega lako, nanyi mkiwa upande mmoja wa meza, mwamwitaje?